Nyongeza ya Jigi: Inaanzia Wapi, Inaishia Wapi

Hotuba hii niliitoa Jinja, mbele ya mafundi wa maabara za vipimo, katika juma la Siku ya Vipimo Duniani. Inahusu jigi, yaani kile tunachokifunga mahali pa kifaa cha mteja ili tujue ni mawimbi ya redio kiasi gani tutakisukumia, na namba ya kusahihisha kinachosomeka hapo. Nimeisafisha kidogo kwa ajili ya wasomaji. Mizaha mingine nimeiacha ilivyotoka.

Mwenyekiti, walimu wetu mliokaa mbele, mafundi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo.

Niombe radhi kwanza kwa lugha. Hapa Jinja wengi mlitarajia Kiingereza, au basi Lusoga, na kwa Lusoga changu mngenicheka mpaka jioni. Lakini wamo humu wageni wetu wa Kisumu, Mwanza na Bukavu, na lugha inayotukutanisha bila mkalimani ni hii. Mimi ni mtoto wa Busia, mpakani, na mpakani unajifunza kuhesabu chenji kwa Kiswahili kabla hujaanza shule. Kwa hiyo leo tutasema hata desibeli kwa Kiswahili. Atakayekwama anyooshe mkono.

Mama yangu alikuwa akiuza karanga sokoni. Kipimo chake kilikuwa tumpeco, kikombe ambacho kila soko la nchi hii linakijua. Chake kilikuwa kimeanguka siku nyingi na kitako kimebonyea kwa ndani. Wapo wachuuzi wanaokibonyeza kwa makusudi, tusidanganyane. Cha mama kilibonyea chenyewe, naye alikijua kilivyo: kila akimimina kikombe kwenye mfuko wa mteja, alifuatisha na konzi moja ya karanga. Wateja waliita nyongeza, wakashukuru. Siku moja aliazima kikombe cha jirani, kizima kabisa, na konzi hakuitoa. Mteja akanung'unika. Mimi nikauliza, mama leo nyongeza iko wapi? Akanijibu bila kuinua macho: "Hiki si changu."

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Ilinichukua miaka zaidi ya ishirini, na bodi ya mteja mmoja iliyoteseka bure, kuelewa kwamba siku ile alikuwa amenifundisha kazi yangu yote.

Nieleze kazi yenyewe, kupima kama kifaa kinastahimili mawimbi ya redio, maana si wote humu wanaishi nayo. Chukua mita ya umeme ya kulipia kabla, ile tunayoiita Yaka. Sanduku lake halizidi mkate. Lakini waya unaoiletea umeme kutoka kwenye nguzo una urefu wa mita kumi, ishirini, thelathini. Sasa pita Gulu au Arua uangalie magari ya mashirika ya misaada, yale yenye antena ndefu iliyokunjwa kuelekea nyuma kama fimbo ya kuvulia samaki. Redio zile huongea kwenye masafa ya megahezi 3 hadi 30. Wimbi la namna hiyo halisumbuki kuingia kwenye kisanduku kidogo. Linaushika waya, linatembea nao, linabisha hodi ndani ya mita kupitia mlango wa mbele. Kwenye kilohezi 150 urefu wa wimbi ni kilomita 2. Kwenye megahezi 80 umeshuka hadi mita 3.75, kasoro kidogo kufikia boda boda mbili zilizofuatana. Chini ya hapo, kwa vifaa vingi vya mezani, waya ndio antena na sanduku ni abiria tu.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-4-6 hakitupeleki kwenye chumba cha antena kwa masafa hayo. Kinatuambia tuchukue mawimbi ya redio tuyasukume moja kwa moja kwenye waya wa kifaa, kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 80, kisha tukae tuone kama kifaa kitachanganyikiwa. Viwango vya kawaida vya ukali ni volti 1, 3 na 10. Unapanda kwa hatua zisizozidi asilimia moja. Ukipiga hesabu, kutoka chini hadi juu ni hatua kama 630, na katika kila hatua unasubiri kifaa kipate nafasi ya kuonyesha tabia yake. Kazi ya subira. Chai hupoa mara mbili.

Swali linalonileta hapa ni dogo: ukisema umesukuma volti 10, umejuaje?

Hujui kwa kutazama kioo cha jenereta ya mawimbi. (Wageni, mkisikia jenereta msifikirie ile ya mafuta inayonguruma nje ya duka umeme ukikatika.) Kati ya jenereta na waya wa mteja kuna amplifaya, kebo, atenyueta ya kupunguza nguvu, na kile kifaa cha kuunganisha na kutenganisha ambacho mafundi tunakiita sidieni. Amplifaya inaongeza, wengine kila mmoja anakula sehemu yake. Kwa hiyo kabla ya jaribio tunafanya kalibresheni: kifaa cha mteja tunakiweka pembeni, mahali pake tunafunga jigi, na kwenye jigi tunafunga risiva, chombo cha kusoma volteji ya mawimbi. Tunaongeza nguvu mpaka risiva isome namba fulani, tunaandika nguvu iliyotoka kwenye amplifaya, tunasogea hatua inayofuata. Baadaye jigi linaondoka, kifaa kinarudi, na tunaicheza ile orodha ya nguvu kama tulivyoiandika.

Namba fulani ipi? Hapo ndipo watu wanapoumizana.

Twendeni polepole. Waya, ukitazamwa kwa pamoja dhidi ya ardhi, unachukuliwa kuwa na impidansi, yaani ukinzani wake kwa mawimbi, ya omu 150. Sidieni inaiga hiyo 150. Lakini risiva zetu zote zina omu 50, na kebo zetu ni za omu 50. Kwa hiyo jigi la kazi hii ni kisanduku kidogo cha chuma chenye rezista moja ya omu 100 ndani yake. Upande wa sidieni kinaonekana ni omu 150, kwa sababu 100 ya rezista inajumlishwa na 50 ya risiva. Upande wa pili kuna konekta ya kawaida. Tunaiita adapta ya 150 kwa 50. Ukiifungua utasikitika kwa bei uliyolipa.

Sasa zile volti 10 za kwenye kiwango ni volteji ya chanzo kikiwa hakijabebeshwa mzigo. Chanzo kina omu 150 zake. Ukikibebesha mzigo wa omu 150, volteji inagawanyika nusu kwa nusu, na kwenye mdomo wa sidieni unabaki na volti 5. Hizo 5 zinaingia kwenye adapta, theluthi mbili zinaishia kwenye rezista ya 100, theluthi moja inafika kwenye risiva. Theluthi ya nusu ni sehemu moja ya sita. Volti 10 za kiwango zinasomeka volti 1.67 kwenye risiva. Volti 3 zinasomeka nusu volti kamili, na hiyo ni rahisi kuikumbuka hata ukiamshwa usiku.

Kwa desibeli, hesabu yetu inayogeuza kuzidisha na kugawanya kuwa kujumlisha na kutoa: kugawanya kwa sita ni 15.6. Ndani yake mna 6 ya kule kugawana nusu, na 9.5 ya ile theluthi. Volti 10 ni desibeli 140 juu ya mikrovolti, toa 15.6, risiva isome 124.4. Basi. Hesabu yenyewe haimshindi mtu yeyote aliyemaliza sekondari.

Nami ndiyo iliyonishinda.

Mteja alileta kidhibiti cha pampu ya maji, kitu cha kufungwa kwenye visima vya vijijini, paneli ya sola juu na bodi ya elektroniki chini. Kijana mwenyewe alikuwa amekichora, anakijua kila rezista. Alitaka kipimwe kwa volti 10. Adapta zetu mbili zilikuwa zimerudi kutoka kalibresheni na cheti safi: zimepimwa zikiwa zimefungwa uso kwa uso, kwenye mfumo wa omu 50, na jumla ya upotevu ni desibeli 9.5. Nikasoma cheti. Nikawaza kama mtu mwenye akili: adapta mbili zinapoteza 9.5, basi moja inapoteza 4.8. Nikaingiza 4.8 kwenye programu. Ile 6 ya kugawana nusu niliikumbuka, nikajipongeza. Nikatoa zote mbili kutoka 140. Risiva isome 129.2.

Pampu ilianguka. Kuanzia megahezi 11 hivi ilikuwa inajizima na kujiwasha kama taa za disko. Kijana hakubisha. Akarudi nyumbani, akaongeza feraiti, vile vipande vya kuzuia mawimbi kwenye nyaya, akachora upya njia za ardhi kwenye bodi, akarudi baada ya wiki tatu. Ikaanguka tena, safari hii mbele kidogo. Akaniangalia. Akasema, "Mzee, mimi nitaiongezea nini tena?"

Kilichoniokoa ni amplifaya. Nilikuwa nimeizoea miaka mingi, najua inavyopumua kwenye jaribio la volti 10. Siku zile feni yake ilikuwa inalia kama fahali anayepanda mlima Elgon. Mara ya kwanza nililaumu joto. Mara ya pili nilichukua osiloskopu, chombo kinachochora wimbi kwenye kioo, nikaiwekea lodi, yaani mzigo, ya omu 50, nikaifunga moja kwa moja mahali pa risiva. Ikasoma volti 2.9.

Ilipaswa kusoma 1.67.

Nilikaa kwenye kiti. 2.9 ukiigawanya kwa 1.67 unapata kama 1.73, na yeyote aliyewahi kufunga umeme wa njia tatu anaijua namba hiyo: kipeuo cha pili cha 3. Nilikuwa namsukumia kijana volti zaidi ya 17 badala ya 10. Nguvu mara tatu. Bodi yake ya kwanza kabisa, ile aliyoitupa, nilipoipima tena kwa usahihi ilipita bila kutikisika.

Kosa lilikuwa wapi? Cheti kilikuwa sahihi. Namba 9.5 ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuigawa kwa mbili. Desibeli hujumlishwa na kugawanywa namna ile iwapo kila kipande kinaona omu 50 mbele na nyuma. Adapta hizi zikifungwa uso kwa uso, pale zinapokutana si omu 50 tena, ni 150. Hesabuni nami: jenereta 50, rezista 100, rezista 100, risiva 50, jumla 300. Bila adapta jumla ilikuwa 100. Mara tatu, yaani 9.5. Sasa toeni adapta moja: 50, 100, 50, jumla 200. Mara mbili, yaani 6. Kwa hiyo moja peke yake inapoteza 6, mbili pamoja zinapoteza 9.5, na 4.8 haipo mahali popote duniani. Niliizaa mimi mezani kwangu.

Na tazameni mtego unavyozidi kunoga. Mwingine atapima adapta moja kwenye nalaiza, chombo cha kupimia upotevu, ataona 6, ataandika 6. Si mwongo. Mwingine ataandika 9.5 kwa sababu hiyo ndiyo theluthi kutoka mdomo wa adapta hadi risiva. Huyu pia si mwongo. Wa tatu ataandika 15.6, kutoka chanzo kisicho na mzigo hadi risiva. Adapta ni ileile, rezista ni ileile, na majibu matatu yote ni kweli. Kwa hiyo ukiniletea karatasi imeandikwa "kisahihisho cha jigi: 9.5" nitakuuliza kama mtu wa forodha pale Malaba: umetoka wapi, unakwenda wapi?

Tangu siku ile, kwenye maabara yetu hairuhusiwi kuandika kisahihisho bila kuandika ncha zake mbili. Tunaandika "kutoka risiva hadi volteji ya chanzo, ongeza 15.6" au "kutoka risiva hadi mdomo wa sidieni, ongeza 9.5". Na neno "ongeza" au "toa" lazima liwepo, maana alama ya kutoa ikipotea kwenye karatasi hakuna anayejua ilikuwepo.

Hiyo ilikuwa namba ya kinadharia. Adapta halisi si nadharia. Rezista ya 100 inaweza kuwa 102, kisanduku kina urefu wake, konekta ina uchakavu wake, na kadiri masafa yanavyopanda, vitu hivyo vidogo huanza kuongea. Kiwango kinairuhusu jozi iwe 9.5, kuzidi au kupungua kwa nusu desibeli. Mzee mmoja hapa mbele amenitumia kikaratasi kuuliza: kama nusu desibeli inaruhusiwa, kusumbuka kwa nini? Swali zuri, mzee wangu. Nusu desibeli ni karibu asilimia sita. Kosa usilolijua unaliweka kwenye shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho namba inaweza kuwa imekosea, huna la kufanya. Kosa unalolijua, ukaliacha kwa sababu umeruhusiwa, ni sawa na yule muuza karanga anayejua kitako kimebonyea akasema wakaguzi wa vipimo hawajapita.

Lakini kulijua kunataka kazi. Cheti kinakupa jozi. Jozi ikizidi 0.3, ni nani kati ya hizo mbili aliyezidisha? Kuwagawia nusu kwa nusu ni kama kuwachapa watoto wote wawili kwa sababu sukari imepungua. Dawa yake ni adapta ya tatu. Chukua A, B na C. Pima A na B, halafu A na C, halafu B na C. Tuseme zimezidi ile 9.54 ya nadharia kwa 0.2, 0.1 na 0.4. Sasa mtuhumiwa anajulikana. Kwa B: jumlisha jozi mbili alizomo, 0.2 na 0.4, toa jozi asiyokuwamo, 0.1, gawanya kwa mbili. Unapata 0.25. A anabaki na kama kutoa 0.05, yaani msafi. C ni 0.15. Hakikisha: A na B zinarudisha 0.2, B na C zinarudisha 0.4. Kwa tofauti ndogo namna hii, hapa kugawanya kwa mbili kunakubalika, maana tunagawa masalio, hatugawi ile theluthi yenyewe. Kisahihisho cha B, kutoka chanzo hadi risiva, kinakuwa 15.8 badala ya 15.6, na risiva kwa volti 10 isome 124.2. Rudia kwenye kila masafa unayotumia, maana 0.25 ya megahezi 80 inaweza kuwa 0.02 kwenye megahezi 1.

Kisha mwandike B jina lake kwa kalamu ya kudumu, juu ya chuma. Nimeona maabara ambako adapta zinafanana kama mapacha na cheti kimoja kinatumika kwa yeyote anayeshikwa kwanza. Hiki si changu, alisema mama.

Niingie kwenye jigi la pili, lile la klampu, kwa sababu hapa Jinja mabasi ya umeme yanaundwa, nanyi vijana mtaanza kulihitaji. Kwenye magari hatusukumi kwa sidieni. Tunachukua waringi, ule mkia wa nyaya, tunauvalisha klampu ya feraiti, na klampu inauingizia mkondo bila kukata waya. ISO 11452-4 inaeleza namna hiyo. Inaweka klampu sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, halafu 45, halafu 75, kwa masafa yanayofika megahezi 400.

Jigi lake ni kama bomba lililopasuliwa: msumari wa shaba katikati, kuta za chuma kandokando, klampu inakaa katikati ikiukumbatia msumari. Ncha moja ina lodi ya omu 50. Ncha ya pili ina atenyueta na risiva. Hapa hesabu ni nyepesi zaidi. Mkondo ni volteji ukigawa kwa 50, na kwa desibeli 50 ni 34. Ukitaka miliampea 100, hiyo ni desibeli 100 juu ya mikroampea. Jumlisha 34, ni 134 juu ya mikrovolti, yaani volti 5, yaani nusu wati ndani ya lodi. Atenyueta ikiwa ya 20, risiva inaona 114.

Visahihisho viko viwili vitatu na vinaweza kukukimbiza. Atenyueta iliyoandikwa 20 inaweza kuwa 20.4 ikifika megahezi 400. Kebo nayo ina lake. Hizo unazipima kwa nalaiza, unaziongeza, umemaliza. Tabu ni jigi lenyewe. Risiva inapima mkondo wa kwenye ncha, lakini sisi tunataka mkondo wa katikati, chini ya klampu. Kwenye megahezi 1 ni kitu kimoja. Kwenye megahezi 400 wimbi zima lina sentimita 75, na jigi la sentimita 12 linakuwa limemeza karibu moja ya sita ya wimbi. Jigi likiwa omu 50 safi kote, hakuna neno. Lakini umeshaliwekea donge la feraiti katikati. Pale chini ya klampu si omu 50 tena, mawimbi yanagonga na kurudi, na ncha moja haiongei tena kwa niaba ya katikati.

Ninachofanya mimi, na mwenye njia bora anifundishe baadaye, ni kupima mara mbili: risiva kushoto na lodi kulia, halafu nabadilisha, bila kugusa klampu. Namba zikilingana, naliamini jigi. Zikiachana, nachukua wastani na zile tofauti naziandika kwenye shaka ya kipimo. Kuna jigi moja tuliloliona likiachana kwa zaidi ya desibeli 2 kwenye masafa ya juu. Tulipolifungua, msumari wa katikati ulikuwa umepinda. Mtu aliwahi kulitumia kuegemeza mlango, na hadi leo hajajitokeza.

Onyo la mwisho kwenye klampu: msiongeze upotevu wa klampu yenyewe. Vijana wanaupata kwenye karatasi ya mtengenezaji, mchoro mzuri, wanatamani kuutumia. Katika njia hii ya kubadilisha, jigi kwanza na kifaa baadaye, nguvu unayoiandika wakati wa kalibresheni tayari imepita ndani ya klampu hiyohiyo. Ukiuongeza, umelipa nauli mara mbili kwenye matatu moja. Ndivyo ilivyo pia kwa atenyueta: mmoja anaiingiza kwenye programu ya risiva, mwenzake wa zamu ya jioni anaikuta kwenye jedwali la mahesabu, anaiingiza tena, na hakuna aliyekosea kwa zamu yake.

Nimesahau jambo moja la amplifaya, nalisema haraka. Kalibresheni tunaifanya kwa wimbi tupu. Jaribio lenyewe tunalifanya kwa wimbi linalopanda na kushuka kwa asilimia 80 mara elfu moja kwa sekunde. Kilele chake ni mara 1.8, yaani desibeli 5.1 juu. Amplifaya ikiwa imeshachoka kwenye kalibresheni, kilele kitakatwa kichwa na hutajua, maana jedwali lako litakuwa zuri. Kila mara panda zile 5.1 uone kama amplifaya inafuata. Kama haifuati, hakuna kisahihisho cha kukusaidia. Tafuta amplifaya kubwa.

Yule kijana wa pampu? Nilimpigia simu siku ileile. Nilimwambia kosa ni langu, si la bodi yako. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza kama zile feraiti anaweza kuzirudisha dukani. Ada ya vipimo tulimrudishia. Wiki tatu zake sikuwa na namna ya kuzirudisha. Bodi ya pili aliiuza hivyohivyo, na feraiti zake zote ndani, na nasikia ndiyo isiyosumbua kabisa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Pale mezani nimeleta adapta tatu, hazijaandikwa chochote, na vyeti vyake nimeviacha ndani ya gari kwa makusudi. Mgeni wetu wa Mwanza amekuja na nalaiza, na mama wa chai anasema mandazi bado dakika ishirini. Nani ana kalamu ya kudumu? Tuanze na A na B.